Shule Zimefungwa: Nani Kasema Furaha Ni Dhambi?

Somo: Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Kutoka 5 na 10, Ayubu 1:1-5



Tangu shule zifungwe, wazazi wananisimamisha pale nje baada ya ibada. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa darasa la matineja, wanadhani dawa ninayo. Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Mwalimu, hawa nitawashikaje hii miezi miwili?" "Mwalimu, huyu wangu nimbane na nini?" Mama mmoja aliniambia bora shule zifunguliwe kesho ili akili yake irudi. Nilicheka naye, maana namwelewa. Lakini yale maneno niliyabeba hadi nyumbani nikayapima. Kushika. Kubana. Haya si maneno ya askari jela? Katika wazazi wote walionijia, hakuna hata mmoja aliyeniuliza: watoto wangu watafurahi vipi?

Si kwamba hatuwapendi. Ni kwamba sisi watu wa wokovu tuna wazo moja ambalo hatulitangazi madhabahuni lakini tunaishi nalo majumbani: kazi ni ya Mungu, maombi ni ya Mungu, masomo ni ya Mungu, na furaha ya kijana ni nafasi ya shetani hadi ithibitishwe vinginevyo. Akiwa anasoma, tuna amani. Akiwa kwenye kesha, tuna amani. Akiwa chini ya mwembe na wenzake saa nane mchana, wanacheka, tunatoka nje kuchungulia. Wanacheka nini hawa?

Nataka tulilete wazo hilo mbele ya Neno tulione kama linasimama.

Tuanzie Misri. Musa na Haruni walipoingia kwa Farao mara ya kwanza, waliomba nini? Wengi tutajibu haraka: uhuru. Hebu rudi Kutoka sura ya 5 usome polepole. Waliomba watu waachiliwe waende jangwani wakamfanyie Mungu wao sikukuu. Safari ya siku tatu. Kwa lugha ya watoto wetu, waliomba likizo. Na Farao alijibu vile tunavyojibu wengi wetu: hawa ni wavivu, ndiyo maana wanapiga kelele wanataka kwenda, waongezewe kazi. Majani ya kufanyia matofali akayaondoa, hesabu ya matofali akaiacha pale pale. Mimi huwaambia matineja wangu kwamba tuisheni ya likizo ilianzia hapo. Wanapenda sana somo hilo, sijui kwa nini.

Halafu twende sura ya 10. Mapigo yamemlegeza Farao, sasa anauliza: ni akina nani hasa watakaokwenda? Musa anamwambia, tutakwenda na vijana wetu na wazee wetu, wana wetu na binti zetu, na mifugo, kwa kuwa tuna sikukuu. Farao anakataa. Wanaume waende, basi. Mmeona pale mazungumzo yalipokwama? Farao alishakubali wanaume wakaabudu. Kilichomshinda ni watoto kuonja sikukuu. Mtoto aliyekwisha kuonja furaha ya Mungu jangwani hawi mtumwa mzuri tena akirudi.

Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 5:15, Sabato inapewa sababu nyingine zaidi ya ile ya uumbaji: kumbukeni mlikuwa watumwa. Neno lenyewe Sabato, kwa Kiebrania, linatokana na kuacha, kukoma. Mtumwa hana uwezo wa kuacha. Kuacha ni alama ya mtu huru. Na tena angalia mpangilio wa Mwanzo: mtu aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo siku yake ya kwanza kamili hapa duniani ilikuwa ya kupumzika. Hakuwa amelima hata jembe moja. Kama pumziko lingekuwa mshahara, Adamu hakustahili. Alipewa bure.

Hapa pana jambo zito kwa nyumba zetu. Mtoto amekuja na ripoti mbaya kutoka shule, na baba anatamka: "Wewe hakuna Krismasi." Nakubali alama ni jambo la kuzungumzwa, tena kwa uzito. Lakini tukimfundisha mtoto kwamba kufurahi kunanunuliwa kwa alama, tumemfundisha dini ya Farao ndani ya nyumba iliyookoka. Keti naye, uliza nini kilitokea kwenye hisabati, wekeni mpango wa Januari. Kisha mwache aende kucheza.

Najua mtu ananijibu kimoyomoyo: Mwalimu, na yule chungu wa Mithali 6? Biblia haikumwambia mvivu amwendee chungu ajifunze? Imemwambia. Lakini uvivu ni kuikataa kazi iliyo mbele yako. Kupumzika ni kuiweka chini kazi uliyoifanya. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa mihula mitatu, akarudi usiku na begi lililomshinda uzito, huyo si mvivu akilala hadi saa mbili. Yesu mwenyewe, katika Marko 6:31, wanafunzi wake waliporudi kutoka huduma, hata nafasi ya kula hawana, hakuwapangia huduma nyingine papo hapo. Aliwaita wakapumzike mahali pa faragha. Huduma ilikuwa njema, na bado aliwaambia waiweke chini.

Serikali yetu, kwa njia yake, imeliona hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza kabisa tuisheni ya likizo, na anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata hivyo sote tunajua nyumba ambazo watoto huingilia mlango wa nyuma na vitabu ndani ya mifuko ya karatasi, kama wanaoenda kununua chang'aa. Mwanafunzi anafichwa asionekane anasoma! Wapendwa, tumefika wapi?

Na hebu niwape kitu cha kutafuna. Neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani, nao walilipata kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kiyunani. Kwa Kiyunani cha zamani lile neno maana yake ilikuwa nafasi, wakati wa mapumziko. Wale watu waliona kwamba mtu hujifunza vizuri anapokuwa hana haraka ya kuzalisha kitu. Sisi tumeligeuza, na sasa shule ndiyo kitu mtoto anachohitaji kupumzika kutoka kwacho.

Sasa vijana, msipige makofi bado. Mlango huu una upande wa pili.

Desemba ya pwani si Desemba ya kwingine. Kaskazi inaanza kuvuma, bahari inatulia, wageni wa bara na wa ng'ambo wanajaa kuanzia Mtwapa hadi Malindi na Watamu. Muziki hadi asubuhi. Pesa inapita mkono kwa mkono barabarani, na kijana wa Kidato cha Pili asiye na hata nauli ya kwenda Kakuyuni anaiona ikipita. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF walitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa kingono katika utalii wa pwani yetu. Ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000, katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani, walikuwa wameingizwa humo. Na tusijifiche nyuma ya wazungu: ripoti ile ile ilionyesha kwamba Wakenya wenzetu walikuwa wengi miongoni mwa wateja. Ongeza disko matanga. Serikali imezipiga marufuku zaidi ya mara moja, na bado kuna kijiji ambako msiba ukitokea wiki ya likizo, spika zinafika kabla ya jeneza. Halafu kuna simu, kamari ya mpira, na yule binamu mwenye bodaboda.

Kwa hiyo mzazi anayeniambia "nitambana" ana sababu. Hofu yake haikuokotwa hewani.

Mhubiri 11:9 inaligusa jambo hili kwa namna inayonishangaza kila nikiisoma. Inamwambia kijana afurahie ujana wake, aende katika njia za moyo wake, na katika mstari huo huo inamwambia ajue kwamba Mungu atamleta hukumuni kwa hayo. Wahubiri wengi huruka nusu ya kwanza, na vijana huruka nusu ya pili. Mimi nasoma hivi: hukumu haikuwekwa pale ifute furaha. Imewekwa kwa sababu furaha ni kitu kikubwa kiasi kwamba Mungu ataiulizia, kama anavyouliza juu ya talanta. Atauliza ulifanya nini na ujana niliokupa, na sitaki kijana wa kanisa hili ajibu kwamba aliuzika ardhini kwa kuogopa.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Kuna raha, kuna starehe, kuna anasa, kuna furaha. Matineja huniuliza, Mwalimu, tutajuaje hii ni ipi? Ninawapa maswali mawili. Kwanza, unaweza kuisimulia mezani kesho, mbele ya bibi yako, bila kuruka sehemu? Pili, kuna mtu mwingine aliyeilipia kwa machozi? Ukijibu vizuri yote mawili, mwanangu, nenda ukacheke.

Sasa twende kwa Ayubu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Watu hukimbilia majipu na jivu. Sura ya 1, mstari wa 4 na wa 5, wanaipita mbio. Ayubu alikuwa na wana saba na binti watatu, na wale wana walikuwa wakifanya karamu kwa zamu, kila mmoja nyumbani kwake kwa siku yake, na dada zao wakialikwa wale na kunywa pamoja. Ayubu, mtu mkamilifu kwa ushahidi wa Mungu mwenyewe, hakuwakataza. Hatusomi kwamba alienda kukaa kwenye kona ya karamu akiwakodolea macho. Siku za karamu zikiisha, aliwaita awatakase, akaamka alfajiri na kutoa sadaka kwa hesabu ya wote, akisema pengine wamekosa mioyoni. Huyo ndiye mzazi. Anawapa nafasi, na usingizi wake mwenyewe anautoa kwa ajili yao. Sisi tunafanya kinyume: tunawanyima nafasi ili sisi tulale.

Lakini lazima tuwe wakweli, Biblia yenyewe ni ya kweli. Siku moja wakiwa kwenye karamu hiyo, upepo mkubwa ukatoka jangwani, nyumba ikawaangukia, wakafa wote. Hapo ndipo hofu ya kila mzazi inaposimama. Unaona? Walienda kufurahi, wakafa.

Desemba moja kijana wa miaka 16 wa mtaani kwetu alizama baharini, Jumapili alasiri. Nilikuwa matangani. Mtu mmoja, mtu wa kanisa, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Angekuwa kwenye ibada ya pili, leo angekuwa hai." Mama wa mtoto alikuwa ameketi mkekani hatua tatu kutoka pale. Alisikia. Niliuona mgongo wake ukisikia.

Wapendwa, maneno yale si mapya. Yako kwenye Biblia, na yana mwenyewe: anaitwa Bildadi. Katika Ayubu 8:4 anamwambia baba aliyefiwa kwamba pengine watoto wake walimkosea Mungu, ndiyo maana wakatolewa mikononi mwa kosa lao. Bildadi alikuwa na theolojia safi kabisa. Na mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anaikataa. Anasema ghadhabu yake imewaka juu ya Elifazi na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake. Kitabu kizima chenye sura 42, na hakuna mahali Mungu anasema karamu ile ndiyo iliyowaua.

Kilichomwua kijana wetu si Jumapili. Alikuwa hajui kuogelea, maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu, na kati ya wenzake sita hakukuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea. Watoto wa wavuvi wa Mayungu na Watamu huogelea kabla hawajajua kusoma. Lakini wengi wetu tumeshuka kutoka Ganze, Vitengeni, Bamba, na somo pekee la bahari tulilowapa watoto wetu ni kuiogopa. Hofu haielei majini. Mtoto anayeogopa bahari ataenda tu siku wenzake wakimcheka, na ataenda bila kukuambia.

Basi tuseme yale tunayopaswa kusema. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea karibu dakika 50, kwa hiyo saa salama ya leo si ya juma lijalo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, na mkondo hapo hauna huruma. Wakati wa maji mafu bahari ni pole zaidi. Muulize mvuvi kabla ya kuingia, atakuambia bure. Usiingie penye mlango wa mto Sabaki. Na katika kila kundi awepo mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, ambaye kazi yake siku hiyo ni kuhesabu vichwa tu. Baba unayejua kuogelea na uko hapa kanisani: hiyo ni huduma kama ya kupokea sadaka. Njoo uniambie jina lako.

Kuna jambo lingine sisi wa Malindi hatuwezi kulikwepa tunapozungumza juu ya watoto na furaha. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Kesi ni ya mahakama na sitaigusa. Ninachosema ni kwamba kundi lile lilijulikana kwa kuhubiri dhidi ya shule, na kwamba mtoto hafiki mwituni na njaa kwa siku moja. Kwanza huondolewa shuleni, kisha huondolewa mchezoni, kisha kwa jirani, kisha kwa bibi yake, na kila mara anaambiwa ni kwa ajili ya Mungu. Ukiona mahali popote panapopunguza kicheko cha watoto mwaka hadi mwaka kwa jina la utakatifu, uliza maswali. Uliza hata hapa kwetu.

Na kwetu pia pana la kuuliza, tusinyooshe kidole kimoja. Nimeiangalia ratiba ya kambi ya vijana. Inaanza saa kumi na moja alfajiri kwa maombi, inafunga saa nne usiku kwa maombi, na katikati kuna dakika 30 zilizoandikwa "mapumziko" ambazo kila mwaka kwaya huzichukua kwa mazoezi. Viongozi wa vijana, nawapenda. Waachieni alasiri mbili. Wapeni mpira.

Sasa lile somo letu kuu. Kumbukumbu la Torati 16, kuanzia mstari wa 13. Watu wamemaliza kazi ya mwaka, nafaka imeingia kutoka uwanjani, zabibu zimekamuliwa. Ni kama shule kufungwa. Mungu anaagiza siku saba za Sikukuu ya Vibanda, na anaagiza kufurahi. Si ruhusa, ni amri, kama amri nyingine. Na kisha anaandika orodha ya watakaofurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane walio malangoni mwako. Soma orodha hiyo taratibu. Hakuna anayeachwa jikoni.

Naomba nizungumze juu ya yule msichana anayekulelea mtoto. Wengi wetu tunaye. Ametoka huko juu, kwao hali ni ngumu. Mwingine ni mwanafunzi aliyekuja likizo hii kutafuta karo ya Januari, na mwingine umri wake tukiuulizia sana tutaona haya. Watoto wako wanaenda ufuoni siku ya Krismasi na wali wa nazi aliopika yeye, na yeye anabaki kuosha masufuria. Mezani tunaimba. Kwa mujibu wa Kumbukumbu 16, hiyo haijawa sikukuu bado, maana jina moja kwenye orodha halipo. Nafahamu kazi lazima ifanyike na nafahamu mshahara ni makubaliano. Lakini anayo miaka 15 kama wako, na kucheka anajua kama wako.

Hapo hapo kuna mtoto anayeponda kokoto na mama yake ili jioni wapate unga, na wa kule Gongoni na Marereni ambaye likizo kwake ni chumvi na jua. Sitasimama hapa niseme kusaidia wazazi ni vibaya. Mvua za vuli zikinyesha, mkono wa mtoto shambani ni mkono wa familia, na kuna furaha yake humo. Ninachouliza ni kama katika siku 60 atapata saba. Torati ilitaka saba tu.

"Mwalimu, pesa ziko wapi?" Nimelisikia. Lakini kumbuka walifurahi kwenye nini? Vibanda. Matawi ya miti! Mungu aliwatoa kwenye nyumba zao nzuri akawalaza chini ya majani, tajiri na maskini wakawa sawa kwa juma zima. Hoteli haikutajwa. Na msimu huu, sisi tuna ngowe zinazoanguka zenyewe. Kuna bibi kule Marafa ambaye hajamwona mjukuu wake tangu mwaka juzi, na ana hadithi ambazo akifa zinaenda naye. Kuna kati, bano, kuruka kamba, mpira wa makaratasi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji M-Pesa.

Na tuna vitu ambavyo watu huvuka bahari kuja kuviona na sisi tunavipita ndani ya matatu tukiangalia simu. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba karibu 420, ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Pale Gede, tangu 1993, wakulima wanaozunguka msitu huo wanafuga vipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa 1968, za kwanza nchini. Hapa mjini kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913. Nimewahi kuuliza darasa ni nani huyo, na mmoja akanijibu kwa imani kubwa kwamba ni mwimbaji.

Gede napenda zaidi ya kote. Mji mzima wa mawe ya matumbawe ndani ya miti, una msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, nyumba zenye vyoo. Waliokaa humo walikula kwenye vyombo vya kaure kutoka Uchina, halafu katika karne ya 17 mji ukabaki mtupu. Watu walianza kuuchimba kwa utaratibu 1948, na Julai 2024 UNESCO wakauweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mtoto akisimama kwenye mlango wa nyumba ile, mti umekua sebuleni, huhitaji kumhubiria juu ya mali ya dunia hii. Mwache tu asimame. Ataanza kuuliza mwenyewe.

Neno moja kwa nyinyi mliomaliza Kidato cha Nne. Nyinyi ndio mnaonipa wasiwasi, kwa sababu hamna Januari ya kurudi, na matokeo yenu yako mikononi mwa watu wengine. Majuma ya kwanza laleni, kuleni, mnastahili. Baadaye mtu asikae akisubiri karatasi imwambie yeye ni nani. Mwingine ajifunze kushona, mwingine kuendesha, mwingine aende kwa fundi wa boti amshikie mbao. Na jioni mje uwanjani kama wengine. Mkiona haya kucheza na watoto wa Gredi ya 6, mmezeeka mapema mno.

Darasa la matineja tutaenda Gede Jumamosi ya pili ya Desemba. Tunaondoka hapa kanisani saa mbili asubuhi, na tutapanda matatu za kawaida. Kiingilio kanisa litawalipia wasioweza, na hakuna atakayeulizwa sababu. Kila mtoto aje na chupa ya maji, kofia na embe. Mwenye msichana wa kazi wa umri wa darasa letu, tafadhali mlete naye aandikishwe kama wengine. Mdogo wako utamlea mwenyewe siku hiyo mpaka saa kumi na moja jioni, tutakaporudi.